Kulifuata jani la Pastora: kutoka Houston hadi milima ya Wamazateko

Risiti nimezitandaza mezani, picha nimezipanga kwa tarehe, na daftari lililolowa ukungu wa milimani limeshakauka. Naandika kwa ajili ya msafiri anayetaka kufika Huautla, mji wa milimani katika jimbo la Oaxaca, Mexico, bila kuhangaika, na kwa yeyote aliyewahi kuuziwa au kusifiwa jani la salvia la Mexico.

Mimi ni mfamasia, mzaliwa wa Tanga, riziki yangu iko kwenye duka la dawa mjini Houston. Pale kaunta nimekuwa nikisikia habari mbili zisizofanana. Kina mama wa Oaxaca hunisimulia jani lililotuliza matumbo ya bibi zao. Vijana huniuliza habari za vumbi jeusi la kwenye pakiti, la kuvuta kwa kiko, ambalo Texas imelipiga marufuku tangu 2013. Mmea ni huohuo mmoja, Salvia divinorum, ambao Wamazateko, wenyeji wa asili wa milima hiyo, huuita jani la María Pastora, Maria Mchungaji. Nilitaka kuuona kwao, mikononi mwa watu wanaouishi, nijue usalama wake unatokana na nini.

16 Februari, Houston hadi Mexico City

Angani ni kama saa mbili na nusu. Kilichonichelewesha ni kaunta ya uwanja wa ndege, ambako mhudumu alishikilia kwamba pasipoti ya Tanzania lazima iwe na viza ya Mexico. Ukiwa na viza hai au ukaazi wa kudumu wa Marekani, Kanada, Uingereza, Japani au nchi za Schengen, unaingia Mexico kama mtalii bila viza yao. Chapisha ukurasa wa serikali yao unaosema hivyo uwe nao mkononi. Mimi nilikuwa nao kwenye simu, na msimamizi alipousoma mambo yakaisha.

Malazi karibu na katikati ya mji, peso 420 kwa usiku. Siku hizo nilikuwa nikihesabu peso moja kama shilingi 140 za Tanzania.

17 Februari, Soko la Sonora

Metro ni peso 5 popote uendako. Nilishuka kituo cha Merced nikatembea hadi Soko la Sonora, ambako vichochoro vizima vinauza mitishamba: mafungu mabichi yaliyorundikwa hadi kifuani, magome kwenye magunia, ubani wa kopali, mishumaa ya kila rangi. Anayelijua soko la Kariakoo au la Mgandini atajisikia nyumbani kwa makelele peke yake.

Nilifanya jaribio dogo. Niliomba "salvia" kwenye vibanda vinne, bila kuongeza neno. Wa kwanza alinipa salvia ya jikoni, ile ya kutia kwenye nyama. Wa pili alinipa mirto yenye vijiua vyekundu. Wa tatu alinipa fungu la majani ya kijivu yenye manyoya ambalo hata si la jamii ya salvia. Wa nne aliinama na kuniuliza kwa sauti ya chini kama nataka kuona njozi.

Hapo ndipo hatari ya kwanza ilipo, kabla hata hujafika kwenye kiasi wala magonjwa. Salvia ya jikoni ikitumika kama mafuta yake makali ina thujoni, kemikali inayoweza kuleta degedege. Ile ya Wachina, danshen, inagongana na warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, na mgonjwa anaweza kuvuja damu. Mirto ni mpole zaidi, nayo ndiyo salvia ambayo Wamexico wengi wa mijini wanaijua kwa tiba. Mama aliyeniuzia (peso 20 kwa fungu) aliniambia huitumia kwa chai ya wasiwasi na kwa *limpia*, pale mtu aliyeshtuka vibaya anapopapaswa mwili mzima kwa fungu la mirto na mimea mingine, ruda na pirul. Nilikaa kwake karibu saa nzima. Alinipa kigoda, akanipa na tlacoyo, mkate wa mahindi ya bluu uliojazwa maharage, na alikataa katakata nilipe.

Ukinunua mitishamba Mexico, nunua mibichi ambayo bado ina majani na maua yake, upate kuitambua. Mizizi iliyokatwakatwa na vidonge usiguse. Mwaka 2023 maabara za Marekani zilipopima mizizi ya tejocote iliyokuwa ikiuzwa kwa kupunguza unene, zilikuta mingi ni oleanda ya njano, mmea wa sumu inayovuruga mapigo ya moyo.

18 Februari, barabarani

Basi la Tehuacán linatoka kituo kikuu cha TAPO; nililipa peso 370, safari saa nne na ushei. Kutoka Tehuacán ni hiace hadi Teotitlán de Flores Magón, peso 90, ukikatiza bonde kavu lenye dungusi wakubwa walionyooka kama nguzo za umeme hadi upeo wa macho. Bonde hilo, Tehuacán-Cuicatlán, liliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018.

Mbele ya Teotitlán tukakuta barabara imefungwa. Wanakijiji walikuwa wametandika magogo na mawe, wanadai maji. Madereva walizima injini bila kulalamika, maana Oaxaca jambo hili ni la kawaida, na wauza tamale wakatokea kama waliopigiwa simu. Tamale moja peso 15. Tulikaa pale hadi jua likazama. Panga safari yako ukijua hilo: usiweke ndege ya kurudi siku uliyotoka milimani.

Kutoka Teotitlán barabara inapanda kona juu ya kona, unatoka kwenye joto la maembe unaingia kwenye mawingu, juu ya mita 2,000. Mimi nilikuwa na shati moja. Bibi aliyekaa kando yangu alinitazama nikitetemeka, akafungua mtandio wake mzito, akautandaza magotini mwetu sote wawili bila kusema neno. Kihispania alikuwa nacho kidogo kuliko mimi, na changu ni cha kaunta ya dawa: "mara tatu kwa siku, baada ya chakula." Tulifika Huautla de Jiménez usiku. Alimwamrisha mjukuu wake anibebee begi hadi mlango wa nyumba ya wageni, peso 350, maji ya moto asubuhi tu.

19 Februari, Huautla

Asubuhi ukungu uliondoka, nikaona mji umebandikwa kwenye ubavu wa mlima, na kila paa la saruji limeanikwa kahawa. Kwenye bajaji, kwenye kuta, kwenye mabango ya hoteli, sura ni moja: María Sabina, mganga wa uyoga wa kuleta njozi, aliyefariki 1985. Mwaka 1955 alimpokea Mmarekani Gordon Wasson kwenye kesha la uyoga. Wasson akaandika kwenye jarida la Life mwaka 1957, na dunia ikamiminika. Walikuja vijana wasiougua chochote, wakila uyoga mchana barabarani. Jeshi likaja, nyumba ya mama yule ikachomwa moto. Wazee wa Huautla wanalieleza hili bila kupaza sauti, lakini wanalieleza, na mgeni anayekuja kuuliza habari za mimea afadhali alisikie kwanza kabla hajafungua daftari.

Jani la Pastora liko kando ya habari hiyo. Uyoga ni wa msimu wa mvua. Wakati wa kiangazi, au uyoga ukikosekana, waganga hutumia jani. María Sabina mwenyewe alilitumia hivyo.

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, ambaye nilipata mawasiliano yake kwa mteja wangu wa Houston, alinipokea kwa atole, uji wa mahindi yaliyochachuliwa, yenye maharage na pilipili juu. Mchana mkewe alipika pilte, nyama iliyofungwa kwenye jani na kuivishwa kwa mvuke. Nilipomweleza ninachotafuta alitaka kujua kitu kimoja tu.

"Unataka kunywa, au unataka kujua?"

"Kujua, mwalimu."

"Basi kesho tutakwenda kwa shangazi yangu. Ungesema kunywa, ningekupeleka kwa wauza picha."

20 Februari, bondeni

Kijiji sikitaji, ndivyo shangazi alivyotaka. Kiko upande wa San José Tenango, chini ya Huautla, kwenye joto zaidi. Gari la mizigo, peso 60, mnasimama nyuma mmeshika vyuma. Tuliambiwa tusiende mikono mitupu, kwa hiyo tulibeba mishumaa, kakao na kilo mbili za sukari. Bei hakuitaja, wala hakutaka kupigwa picha. Picha nilizo nazo ni za mmea na za mikono yake, kwa ruhusa.

Upande huohuo wa Tenango, Oktoba 1962, Wasson na mkemia Mswisi Albert Hofmann, aliyewahi kuitengeneza LSD, dawa ya kuleta njozi, walifika kwa nyumbu wakapata matawi yenye maua. Kwa sampuli hizo wataalamu wa mimea Carl Epling na Carlos Játiva waliupa mmea jina lake la kisayansi mwaka huohuo. Hofmann alirudi Basel na maji ya majani yaliyohifadhiwa kwenye pombe, akayajaribu, hayakufanya kazi. Siri ya kemia yake ilibaki imefungwa miaka ishirini mingine.

Shangazi ya mwalimu ana umri wa kuwa bibi yangu, na ndivyo nilivyomwita. Aliniita mwanangu tangu mlangoni. Alitushusha kwenye korongo nyuma ya nyumba, penye kijito na kivuli kizito cha miti ya kahawa. Mmea unasimama hadi usawa wa bega. Majani ni mapana, laini, ya kijani kilichofifia. Nikashika shina: lina pembe nne, kama la mrehani na kivumbasha, maana ni ukoo mmoja. Ndani ni tupu, linavunjika ukilikandamiza. Mwezi huo ulikuwa bado na maua meupe yanayochomoza kwenye vikombe vya zambarau. Mbegu hutoa kwa nadra mno. Wamazateko huupanda kwa vipandikizi. Tawi lililoanguka na kugusa udongo mbichi huota mizizi lenyewe, na bibi alituonya tusilikanyage hata jani lililoanguka. Jani ni la Bikira, alisema.

Mchana alikuja jirani, mzee mwenye magoti yaliyovimba. Haya ndiyo niliyokuja kuyaona, kwa hiyo nitayaeleza taratibu. Bibi hakuanza na jani. Alimwambia atoe mfukoni alichopewa zahanati. Mzee akatoa boksi la metformini, dawa ya kisukari, na karatasi ya vidonge vya presha. Bibi hakujua kusoma. Alimpa mwalimu asome, akasikiliza, akauliza amekula nini. Kisha akaingia ndani na majani aliyochuma asubuhi, akayapanga mkekani mawili mawili, uso kwa uso. Hesabu yao ni ya jozi, sio ya jani. Jozi nne. Akayaosha, akayafikicha kwa vidole ndani ya kibuyu chenye maji hadi maji yakawa ya kijani yenye povu, akachuja, akamwombea kwa Kimazateko, mzee akanywa kwa mikupuo akikunja uso. Nikaomba nionje kipande kidogo kama ukucha. Ni uchungu unaokaa mdomoni hadi baada ya chakula.

Kiasi hicho kidogo ndicho dawa ya nyumbani. Wataalamu walioishi na Wamazateko tangu miaka ya 1980 wameandika matumizi hayohayo: kuharisha, kuumwa kichwa, baridi yabisi, upungufu wa damu, na tumbo kujaa kunakodhaniwa kutokana na kurogwa. Kesha la uganga ni jambo lingine na jozi zake ni nyingi, makumi. Nilimuuliza bibi masharti yake. Hufanywa usiku, gizani, kimya, kwa sababu mwanga na kelele huvuruga. Mtu hajitwalii, kuna aliyekaa macho kando yake hadi mwisho. Kuna siku za kujizuia kabla na baada. Na jani halichomwi.

"Vijana wanavuta," nikamwambia.

Mwalimu akamtafsiria. Bibi akauliza nani huwa amekaa nao wanapovuta. Nikajibu kwamba mara nyingi hakuna mtu. Akanyamaza kidogo, akasema: "Huyo amemwacha mwanawe mtoni peke yake."

21 Februari, tena Huautla

Mvua usiku kucha, gari halikupanda hadi saa sita mchana. Nilitumia asubuhi kumweleza mwalimu upande wa kemia, kwa sababu aliuliza, na nitauweka hapa kwa ufupi.

Mwaka 1982 mkemia wa Mexico, Alfredo Ortega, na wenzake waliitoa kwenye jani kemikali waliyoiita salvinorini, ambayo leo huitwa salvinorini A. Mwaka 2002 maabara ya Bryan Roth nchini Marekani ilionyesha inakofanyia kazi: kwenye kipokezi cha kapa cha ubongo, yaani sehemu ya seli ambayo kemikali hujishika. Ni jamaa wa kipokezi kinachoshikwa na mofini, lakini matokeo yake ni tofauti. Badala ya raha huleta mtengano na mazingira, mara nyingi hofu. Nguvu yake ni kubwa mno: ikivutwa, sehemu ndogo ya miligramu moja inatosha kumtoa mtu alipo.

Sasa angalia jinsi taratibu za Wamazateko zinavyokaa na kemia hiyo. Salvinorini ikimezwa huharibika tumboni na sehemu kubwa haifiki ubongoni. Ndiyo maana mzee aliyekunywa jozi nne alikaa kibarazani akizungumzia bei ya kahawa kana kwamba amekunywa chai. Ikitafunwa muda mrefu, hupita polepole kwenye ngozi ya ndani ya mdomo. Inapanda taratibu, inashuka taratibu. Ikivutwa, hufika chini ya dakika moja. Na pakiti za mtandaoni si jani tena: ni jani lililonyunyiziwa dondoo kali ya kemikali hiyo, limeandikwa "10x" au "20x" bila kipimo chochote cha kuaminika. Mtu husimama, hutembea, hajui kwamba yuko ghorofani au kando ya barabara. Dakika chache zinatosha kuanguka.

Kwa mwili, sumu yake inaonekana kuwa ndogo, na sijaona dalili ya uraibu wa kimwili kama wa mofini. Lakini aliyewahi kuugua akili, au ambaye ndugu zake wa damu wameugua skizofrenia, asiliguse kwa namna yoyote. Mjamzito na anayenyonyesha pia. Usichanganye na pombe wala dawa za usingizi. Na pale waganga wanapotaja upungufu wa damu, mimi nasema pima damu kwanza. Hakuna jaribio la kitabibu lililothibitisha kwamba jani hili linaongeza damu, na anayesubiri chai ifanye kazi anaweza kuwa anavuja damu tumboni. Bibi mwenyewe alishampeleka binti mmoja zahanati kwa sababu hiyo, mwalimu ndiye aliyewaendesha.

Utafiti unaendelea, na una maana. Dawa mbili za kipokezi hicho hicho cha kapa, zilizotengenezwa maabara na si kutokana na jani, tayari zinatibu mwasho wa wagonjwa wa figo walio kwenye mashine ya kusafisha damu: nalfurafini nchini Japani na difelikefalini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2021. Anayedharau dawa za wazee wa Huautla na ayafikirie hayo.

22 hadi 24 Februari, Oaxaca na kurudi

Hiace ya Oaxaca mjini, peso 280, kona tano za kwanza tu ndizo ninazozikumbuka. Kunywa kidonge cha kichefuchefu nusu saa kabla ya kupanda. Nyuma ya kanisa la Santo Domingo kuna bustani ya mimea ya jimbo zima. Huingii peke yako, ni kwa ziara ya kuongozwa, na nafasi hujaa mapema, fika kabla lango halijafunguliwa.

Usinunue jani lolote la kurudi nalo. Australia ililipiga marufuku mapema kabisa, 2002. Huko Marekani, Louisiana ikafuata 2005, Delaware 2006, na majimbo mengine mengi baadaye. Sheria hazifanani mpakani hadi mpakani, na mbwa wa forodha hawasikilizi maelezo. Mimi nilibeba kahawa ya mwalimu, iliyokaangwa, nikaitangaza kwenye fomu, nikapita.

Kwa atakayekwenda: Februari kuna ukungu lakini barabara zinapitika, kuanzia Juni mvua huleta maporomoko na magari hukwama siku nzima. Bila ndege, na kwa kula sokoni, safari yote imenigharimu kama peso 6,500. Beba taslimu za kutosha tangu Tehuacán, katika noti ndogo, kwa sababu mashine ya fedha niliyoikuta Huautla haikuwa na pesa na madereva wa magari ya mizigo hawana chenji ya mia tano.